Mafuta ya Ponti ya Nyuma

Katika motokari kuukuu pana mahali pamoja ambapo mwenye mali hapaangalii. Maji ya kupoza moteri huyatazama kila asubuhi, mipira huipiga teke kabla ya safari, breki huzikumbuka afikapo mteremkoni. Lakini chini, upande wa nyuma, katikati ya magurudumu mawili, limetokeza tumbo la chuma, la mviringo kama chungu. Hapo hapana taa ya kuonya wala mshale wa kupimia. Mafundi wetu wa Kivu hupaita ponti, jina walilolitwaa katika Kifaransa, na wengi wao watakuambia kwamba ponti haina maneno: yaweza kukaa miaka mingi bila kudai kitu. Sisi tuliufurahia ukimya huo, kwa kuwa sanduku la shule lilikuwa tupu.

Motokari tunayoisimulia ni Land Rover, ya namna iitwayo Series III, ambayo Waingereza waliitengeneza tangu mwaka 1971 hata mwaka 1985. Ya kwetu ilitoka kiwandani mwaka 1979. Ilifika misioni kabla sisi hatujazaliwa, na twakumbuka jinsi tulivyoikimbilia nyuma kwa miguu mitupu tulipokuwa watoto wa shule ya msingi, tukivuta vumbi lake kama marashi. Mapadri walipopata nyingine iliyo mpya zaidi waliitoa kwa shule, na mwaka 2015 mkurugenzi akatukabidhi sisi daftari lake na ufunguo wake. Hatukuwa shofere. Tulikuwa mwalimu wa darasa la sita, tuliyesoma miaka miwili ya falsafa katika seminari kuu kabla ya kutambua kwamba wito wetu ulikuwa mwingine. Tulipewa motokari kwa sababu tulijua kusoma kitabu chake kwa Kifaransa.

Shofere alikuwa mzee mmoja, ambaye alianza kazi akiwa boyi-shofere juu ya kamyo za sukari kati ya Kiliba na Bukavu. Kusoma alisoma kidogo, kiasi cha kufuata kitabu cha sala. Moteri aliisikiliza kama mganga asikilizavyo kifua cha mgonjwa, akiinamisha kichwa upande na kufumba jicho moja.

Katika masika ya mwaka 2018 tulitoka Bukavu kwenda Uvira kuchukua madawati. Wale waijuao njia ile wafahamu kwamba baada ya Nyangezi mtu huushuka mlima wa Ngomo, penye kona zisizohesabika na bonde refu upande mmoja, mpaka afike Kamanyola katika uwanda wa Ruzizi. Bukavu iko juu sana, karibu meta 1,500 kupita usawa wa bahari. Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, ni kama nusu ya hapo. Tulishuka na mzigo, na tulipofika uwandani kila chuma kilikuwa cha moto. Mbele kidogo tukaona daraja moja dogo limechukuliwa na maji, na watu wanavuka mtoni pembeni, maji yakiwafikia mapajani.

Mzee akazima moteri. Akaketi juu ya jiwe, akatoa muhogo wake.

Tukamwambia, “Mzee, mbona twakaa? Wenzetu wanavuka.”

“Ponti ina moto, Mwalimu. Ponti yenye moto ukiitia katika maji ya baridi, hunywa.”

Tulicheka. Tukamwambia kwamba chuma hakina kinywa, nacho kiumbe kisicho na uhai hakiwezi kunywa, tukamtajia na jina la mwanafalsafa mmoja wa Uyunani. Mzee alikunja muhogo wake katika kitambaa bila kujibu, akawasha moteri, tukavuka.

Sasa twajua kwamba ponti hunywa kweli, na ni vizuri tueleze namna gani. Ndani ya lile tumbo mna mafuta, na juu ya mafuta mna hewa. Motokari ikienda mbali mafuta hupata moto, na hewa nayo hupata moto ikatanuka. Ili isipasue mihuri ya mpira iliyoko kwenye ncha, watengenezaji waliweka juu ya mhimili kifaa kidogo cha kupumulia, kidogo kama kifundo cha kidole, chenye tundu la kutolea hewa. Chuma kikiingia ghafula katika maji ya baridi, hewa iliyomo hunywea mara moja, nayo hutafuta kuvuta kitu cha nje kijaze nafasi. Kama pumulio limezibwa na matope, na kama mihuri imechakaa, kinachovutwa ndani ni maji ya mto. Robo ya saa ya kukaa juu ya jiwe ingalitosha kuzuia jambo hilo.

Mwezi wa nane Mzee alikuja shuleni wakati wa mapumziko, akavua kofia. “Mwalimu, ponti inaimba.” Tukapanda pamoja naye. Ni kweli, ilipofika mwendo wa kilometa hamsini kwa saa ulisikika uvumi kama wa nyuki katika mzinga wa mbali. Akiondoa mguu, uvumi ulibadili sauti. Akikanyaga tena, ulirudi. Alituomba tununue mafuta mapya na kufanya vidanje ya ponti. Tulimjibu kwamba mvua i karibu na mabati ya darasa la tatu yanavuja. Jibu hilo halikuwa la uongo, lakini makopo matatu ya mafuta yalikuwa bei ya mabati machache tu, na tulijua hivyo.

Labda baadhi ya wasomaji, hasa wanafunzi, watauliza: ndani ya ponti mna nini hata iimbe? Tazameni maandamano ya Sakramenti Takatifu, watoto wakienda wanne wanne kwa mstari. Wafikapo konani, mtoto wa ndani hukanyaga papo hapo, na yule wa nje hana budi kwenda hatua ndefu za haraka. La sivyo mstari hukatika. Magurudumu mawili ya nyuma yana shida hiyo hiyo. Kama yangefungwa juu ya mhimili mmoja usiogawanyika, kila kona lingeburutwa mojawapo, na mpira ungeliwa upesi, na mhimili ungeweza kuvunjika. Mfaransa mmoja, Onésiphore Pecqueur, alipata dawa yake mwaka 1827, kwa ajili ya gari la mvuke, zamani sana kabla ya motokari za petroli: akaweka kati ya magurudumu mawili meno madogo yanayogawa mwendo, ili gurudumu moja lipunguze kiasi kile kile ambacho mwenzake anaongeza. Ndicho kifaa kiitwacho diferensiali. Kina kasoro moja ambayo kila shofere wa Kivu anaijua: gurudumu moja likiwa katika utelezi, mwendo wote humkimbilia yule mvivu; yeye huzunguka bure akirusha matope, na mwenzake aliye juu ya nchi kavu husimama akitazama.

Mbele ya hayo meno madogo yako makubwa mawili. Mti wa kardani utokao kwenye boate ya gia huishia kwa jino dogo la mviringo, nalo husukuma gurudumu kubwa la meno ambalo Wafaransa huliita taji. Katika Land Rover yetu kardani huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ndivyo moteri dogo lipatavyo nguvu ya kupandisha mzigo mlimani. Katika ponti ya namna yetu jino dogo haliingii katikati ya taji kabisa, bali limeteremshwa kidogo chini. Kwa hiyo meno hayabingirishani tu, huteleza pia ubavu kwa ubavu, kama visu viwili vinoanavyo. Hapo mafuta ya kawaida hukamuliwa yakatoka, chuma kikabaki uso kwa uso na chuma.

Kwa sababu hiyo ponti ina mafuta yake yenyewe, mazito, ya namba 90, yaliyotiwa dawa ya kiberiti na ya fosforo ambayo hushika juu ya chuma na kuzuia meno yasigandamane. Ukifungua kopo utayatambua kwa harufu, nayo ni mbaya kama ya yai bovu. Juu ya kopo huandikwa GL-5. Na hapa tuonye kidogo, kwa kuwa tumeona watu wakipata hasara: mafuta hayo hayafai kutiwa katika kila boate ya gia, maana boate nyingi za zamani zina pete za shaba ya manjano, na dawa ile huila shaba. Mwuzaji wa sokoni atakuambia mafuta ni mafuta. Yeye hauzi boate.

Basi, siku ya Jumamosi moja ya mwezi wa kumi mwaka huo wa 2018, tulikuwa na makopo matatu ya litri moja moja, kitabu cha Kifaransa, na wanafunzi wawili wa darasa la sita waliotaka kuona. Mzee alikuwa amekwenda matanga ng'ambo ya pili ya mlima. Kabla ya kuondoka alikuwa ametuambia, “Mwalimu, mningoje. Nitarudi jioni.” Hatukumngoja. Kwa nini? Tumejiuliza mara nyingi. Twaona kwamba tulitaka akute kazi imekwisha, atikise kichwa na kusema kwamba mwalimu naye ni fundi.

Mwanzo tulifanya vema. Tuliiendesha motokari hata sokoni na kurudi ili mafuta yapate joto, maana mafuta ya baridi hayashuki yote. Tukaiweka mahali pa sawasawa, tukatia mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Tukalala chini juu ya gunia, na beseni tayari. Kizibo cha chini, cha kutolea mafuta, kina shimo la pembe nne, nusu inchi kila upande. Tulikifungua kwa ufunguo wake bila ugomvi.

Yaliyotoka hayakuwa mafuta. Kwanza lilishuka tone moja la maji safi, la pili, halafu mtiririko mwembamba. Nyuma yake ukaja uji, mzito, rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa mengi. Mwanafunzi mmoja akasema, “Mwalimu, ponti imekunywa chai.” Wenzake walipocheka sisi hatukucheka, tulikuwa tunaukumbuka mto wa uwandani, na muhogo uliokunjwa katika kitambaa. Tulichovya vidole na kusugua: palikuwa na vumbi la kijivu, laini kama unga, ambalo ni la desturi katika ponti ya miaka mingi, vipande vya jino hatukuviona. Tulimshukuru Mungu, tukaacha yadondoke kabisa, tukasafisha kizibo, tukakirudisha na kukikaza.

Kisha tukageukia kizibo cha juu, cha kutilia mafuta. Hakikufunguka.

Tukatia nguvu ya mikono miwili. Tukatia bomba la chuma mwishoni mwa ufunguo ili kuongeza urefu. Ufunguo ukateleza, ukatukwangua vifundo vya vidole, na ulipotoka tuliona kwamba pembe za shimo zimeanza kulika. Tukapiga nyundo. Tukamwagia petroli ya taa, tukangoja, tukajaribu tena, na safari hii pembe nne zikawa mviringo kabisa; ufunguo ukazunguka ndani yake kama mwiko katika chungu. Kutu ya miaka isiyojulikana ilikuwa imekifanya kizibo na ponti kuwa kitu kimoja. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, na motokari ya pekee ya shule na ya dispensari ilikuwa imesimama, ponti yake kavu, bila njia ya kutilia hata kijiko.

Mzee alifika saa moja. Alitazama beseni, akatazama kizibo, akatazama mikono yetu yenye damu. Alisema neno moja tu, naye alilisema kwa wanafunzi, si kwetu: “Watoto, kwanza fungua pa kutilia. Ukishindwa, bado una yale ya zamani.” Halafu akaenda kunawa.

Tungaliweza kulala na aibu yetu, na Jumatatu kumwita fundi. Lakini saa mbili na nusu za usiku tulisikia hodi, akaingia mwuguzi wa dispensari mbio, kandambili mkononi. Mama mmoja wa kijiji cha juu alikuwa na uchungu tangu alfajiri, mtoto hashuki, mama amechoka. Lazima aende hospitali. Hospitali iko kilometa 23 kwa njia ya motokari. Mumewe na ndugu zake walikuwa tayari nje.

Tulimweleza. Hatukumbuki tulisema nini. Twakumbuka uso wa yule mume, ambaye alitazama motokari, mzima, mrefu, mipira imejaa upepo, asiweze kuelewa kwa nini haiendi. Hakutukana. Alisema, “Basi kipoyi.” Katika muda mfupi walikata miti miwili, wakafunga blanketi, wanaume wanane wakashika njia ya mkato ambayo hushuka hata barabara kuu, mwuguzi akiwafuata na taa. Tuliiona taa ile ikiyumba mpaka ikafichwa na migomba.

Tukamwambia Mzee, “Twende hivyo hivyo. Kilometa 23 ni nini? Kuna utando wa mafuta bado juu ya meno.”

Alikataa. Tulimpandishia sauti, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya. Mzee alingoja tunyamaze. Akasema, “Meno makavu yatapata moto, yatashikana. Yakishikana mteremkoni magurudumu yatafunga, na mama huyo atakuwa ndani.” Aliwaza kidogo juu ya njia nyingine: kufungua nati sita za kila upande, kuzivuta nje nusu mbili za mhimili, kuondoa na kardani, ili motokari ivutwe kwa magurudumu ya mbele tu. Yawezekana katika Land Rover. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, na mlima ule haupandwi kwa magurudumu ya mbele peke yake.

Akachukua tochi, akaingia chini ya motokari. Tulimsikia akikwangua matope. Kisha akatoa mkono nje, na katika kiganja chake mlikuwa na kile kifaa kidogo cha kupumulia.

“Alipopitia maji,” akasema, “mafuta nayo yatapita. Nani ana sindano kubwa?”

Mwanafunzi mmoja alikimbia kwa masista, akarudi na sindano ya kuoshea vidonda, isiyo na ncha, ya mililita 50, pamoja na mpira mwembamba. Mafuta ya namba 90 katika baridi ya milima yetu ni kama asali ya mwezi wa saba. Hayakuingia katika sindano kabisa. Mzee akaagiza sufuria ya maji ya moto, tukatumbukiza makopo ndani yake, tukayatikisa mpaka mafuta yakawa mepesi. Kitabu kilisema ponti ya namna hii huchukua litri mbili na nusu. Kizibo cha juu ndicho kipimo, nacho kilikuwa kimefungwa. Kwa hiyo hatukuwa na namna ya kujua kiwango ila kuhesabu. Mililita 50 kuingia katika litri mbili na nusu ni mara 50.

“Rozari moja,” akasema Mzee, akaivua shingoni.

Yeye alilala chini akishika mpira ndani ya tundu. Sisi tulivuta mafuta na kusukuma. Mwanafunzi mmoja alishika tochi, mwenzake alibadilisha maji ya moto. Baada ya kila sindano Mzee alisogeza punje moja. Hatusemi kwamba tulisali kwa utaratibu. Pengine yeye alisali. Kazi ilikuwa ya polepole mno, kwa kuwa tukisukuma kwa nguvu hewa ya ndani ilirudisha mafuta juu yakamwagika usoni mwake, harufu ya kiberiti juu ya ndevu zake nyeupe, naye hupangusa na kusema, “Pole pole, Mwalimu.” Fungu la kwanza lilichukua zaidi ya robo ya saa. Kila tulipoinua macho tuliiona njia ya migomba, giza tupu.

Saa tano kasoro Mzee alishika msalaba wa rozari. Akafuta tundu, akarudisha pumulio alilokuwa amelisafisha, tukaondoka.

Aliendesha bila haraka, hata tukadhani anatuadhibu. Baada ya kilometa mbili alisimama, akashuka, akaweka kiganja juu ya ponti, akarudi. “Ina uvuguvugu tu.” Kisha akakanyaga.

Tuliwakuta karibu na kilometa ya kumi na tano, mbele ya nyumba iliyo kando ya barabara. Kipoyi kilikuwa chini, wanaume wameketi ukingoni, migongo kwetu. Tuliogopa kushuka. Ndipo tukasikia mtoto analia ndani ya nyumba, sauti nyembamba yenye hasira. Kumbe mtikisiko wa njia ulikuwa umefanya kazi yake, au Mungu mwenyewe ajua, na mama mzee wa nyumba ile, mkunga wa zamani, alimpokea mtoto juu ya mkeka. Lakini mwuguzi alitoka na mikono yenye damu, akasema damu ya mama haikatiki, tumpakie mara moja. Tulimpakia pamoja na mtoto. Mumewe alipoinama kumsaidia tuliona shati lake limechanika begani na nyama imechubuka pale mti ulipokaa.

Kilometa nane zilizobaki Mzee alizimaliza bila kusema neno. Ponti iliimba njia nzima. Hospitali walimtia mama damu usiku ule, na baada ya siku tisa alirudi kwake kwa miguu yake. Mtoto ni msichana, sasa anasoma. Mumewe hutusalimia vizuri tukikutana njiani, wala hajapata kutaja habari ya usiku ule, na sisi hatujapata maneno ya kuianza.

Mambo mengine twayasema kwa ufupi. Fundi wa garaji moja alikuja, akaunganisha nati kwa moto juu ya kile kizibo kilicholika, akakizungusha, nacho kikatoka kikipiga kelele. Tulinunua kizibo kipya, tukakipaka grisi katika nyuzi zake. Baada ya kilometa 500 tulimwaga mafuta yale mapya na kutia mengine, kwa sababu maji kidogo yaliyosalia pembeni yalikuwa yameyachafua. Yalitoka na weupe, lakini si uji tena. Uvumi haukwisha. Ulipungua, ukabaki, kwa kuwa mafuta mapya hayarudishi chuma kilichokwisha liwa. Mafuta mabaya tuliyapaka katika nguzo za uzio kwa ajili ya mchwa, mbali na chemchemi. Na tangu siku hiyo hatutimizi kilometa 40,000 bila kubadili, na tukivuka mto tunafungua juma lile lile kutazama rangi. Mtoni tunaketi juu ya jiwe.

Lakini siku ile fundi alipokitoa kizibo, kabla ya kugusa kitu cho chote, Mzee alimzuia mkono. Alitaka kujua hesabu yetu ilikuwaje. Motokari ilikuwa mahali pa sawasawa, na kipimo cha haki ni kwamba mafuta yafike ukingo wa chini wa tundu. Akatia kidole kidogo, akakitoa, akakitazama kwenye jua. Yalipungua kidogo. Tukaleta sindano ile ile ya masista: moja, mbili, tatu, na ya tatu ikaanza kudondoka nje.

“Ni zile zilizonimwagikia usoni,” akasema Mzee, akapangusa ndevu kana kwamba zingali zina mafuta.